Mafuta ya karai la samaki: kitambaa huondoa chenga, hakiondoi uchovu

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nakaanga samaki jioni hapa Bagamoyo, jirani na soko la samaki. Karai langu la chuma linachukua lita tatu. Nikimaliza nalifunika kwa sinia, asubuhi nachuja kwa chujio la chai, jioni naongeza mafuta mapya juu ya yale ya jana, kazi inaendelea. Zamani nilitumia mafuta ya mawese ya kupima dukani. Mwezi uliopita nikapata dumu la lita 20 la alizeti kutoka Singida kwa bei nzuri, na tangu hapo karai linatoa povu mpaka linataka kumwagika, hasa siku nikipungukiwa nikaongeza mafuta ya nazi ya mama. Wifi yangu anasema mafuta ya kurudia yanaleta kansa, niyamwage kila siku. Nikiyamwaga kila siku sina biashara. Nichuje vipi, niyatumie mara ngapi, na asubuhi naweza kuyakaangia maandazi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole na moshi.

Povu umelitaja kama malalamiko ya pembeni, mimi nalileta mbele. Likipanda mpaka ukingoni na chini kuna kuni, habari si mafuta tena, ni moto. Siku likikuzidi, vuta kuni, funika karai kwa mfuniko mkavu wa chuma au hilo sinia lako, uliache lipoe papo hapo. Usilibebe, na usimwage maji hata tone. Maji yakizama kwenye mafuta ya moto hugeuka mvuke mara moja na kutanuka zaidi ya mara elfu, yakarusha mafuta juu huku yanawaka. Ncha za kanga nazo zichomekwe kiunoni; pamba nyepesi haisubiri kuambiwa.

Povu lako lina vyanzo viwili. Cha kwanza ni hilo dumu. Alizeti inayouzwa barabarani mara nyingi imekamuliwa na kuchujwa tu, haijasafishwa. Kwa mchuzi haina neno, na ile harufu ya mbegu wengine tunaipenda. Ila ndani yake umebaki utelezi wa mbegu ambao kiwanda huuondoa. Wataalamu huuita fosfolipidi. Utelezi huo una tabia ya sabuni: mvuke ukitoka kwenye samaki, wenyewe unashika viputo visipasuke. Ukiungua, mafuta yanakuwa meusi jioni ya kwanza tu. Isitoshe, alizeti isiyosafishwa huanza kutoa moshi kwenye nyuzi joto 107 hivi, na iliyosafishwa hufika 220 na kitu. Samaki wa kuzama anataka mafuta ya nyuzi 170 hadi 190. Kwa hiyo, mwanangu, mafuta yako yanaanza kuteketea kabla hata kibua wa kwanza hajatumbukia.

Chanzo cha pili ni mafuta ya mama. Mafuta ya nazi yakichanganywa na mafuta ya aina nyingine kisha kikatiwa kitu chenye maji, povu huwa jingi kuliko la mafuta yoyote kati ya hayo mawili yakiwa peke yake. Asidi zake za mafuta, hasa ya lauriki, ni fupi kuliko za alizeti au mawese, na mchanganyiko huo viwanda vya kukaangia huukwepa kabisa. Mafuta ya mama yapikie wali, au jipake nywele.

Sasa karai lenyewe. Nyama ya samaki, robo tatu hivi ni maji. Ule mlio unaousikia samaki akizama ni maji yake yanayotoka mbio kama mvuke, na kila mvuke unapopita ndani ya mafuta hukatakata kidogo. Mafuta yaliyokatika hutoa asidi huru, na asidi zikizidi, mafuta hutoa moshi mapema kuliko zamani. Hewa nayo inafanya kazi yake juu: oksijeni inaingia kwenye mafuta ya moto na kuyachachisha, na alizeti, yenye asidi nyingi za aina inayopenda oksijeni, huchacha upesi kuliko mawese. Halafu joto la muda mrefu huzishikanisha chembe za mafuta zikawa minyororo mirefu. Umeona ule utando wa kahawia unaonata ukingoni mwa karai, usiotoka kwa maji wala sabuni ya unga? Ndiyo hiyo minyororo. Tuna ndugu yake hapa hapa ufukweni: mafundi wa mashua hupaka mbao sifa, yale mafuta ya maini ya papa, nayo yakikaa hewani yanashika ubao kama ngozi. Kwenye mashua ni kinga. Kwenye karai ni mafuta mazito yanayomgandia samaki.

Nakueleza haya ili usikidai kitambaa kitu kisichokiweza. Kuchuja kunatoa chenga: unga ulioungua, vipande vya kitunguu swaumu, magamba, mapezi yaliyokatika. Hiyo ni kazi kubwa, maana chenga zikirudi motoni kesho zinaungua mara ya pili na kuyatia mafuta uchungu na weusi. Lakini asidi na ile minyororo vimeyeyuka ndani ya mafuta. Hupita kitambaani pamoja nayo, uchuje mara moja au mara kumi. Mafuta yanaweza kuwa maangavu na bado yamechoka. Anayetaka yadumu aanze kuyatunza samaki akiwa bado mbichi.

Hapo ndipo naona hasara nyingi kwa wakaangaji wa ufukweni. Samaki anatolewa kwenye ndoo ya ndimu na chumvi, anatingishwa mara mbili, anatumbukizwa akiwa bado anadondosha. Kila tone ni maji, asidi na chumvi vinavyoingia kwenye mafuta bila kumwongezea samaki ladha yoyote. Fanya hivi: viungo vikishaingia, mtoe samaki, pangusa tumbo lake kwa kidole utoe kitunguu swaumu na tangawizi vilivyojaa humo (ladha imeshaingia, kilichobaki kitaungua), kisha mpange juu ya wavu au chekeche, afunikwe neti nzi wasimguse. Upepo wa Bagamoyo ni mtaji wa bure. Dakika 15 hadi 20 kivulini, ngozi inakuwa kavu na inavuta kidogo ukiigusa. Usizidishe, joto letu haliruhusu samaki mbichi kukaa nje saa nzima. Kabla ya kumtia, mpanguse mara moja kwa kitambaa kikavu, na mle ndani ya mashavu mnapojificha maji. Utasikia tofauti kabla hujaiona: mlio unakuwa laini, na mafuta hayarukii mikono.

Kama unampaka unga, mkung'ute kwa nguvu. Unga usioshika samaki ni chenga unazozitia kwa mkono wako.

Halafu kuna mpangilio. Changu na samaki wengine weupe watangulie, vibua na dagaa waje mwisho. Kibua ana mafuta yake mwenyewe, na akiiva humwachia karai sehemu ya mafuta hayo. Mafuta ya samaki huchacha upesi kuliko hata alizeti, ndiyo maana karai lililokaanga vibua leo linanuka vumba kesho hata kama umelichuja vizuri. Ukianza na vibua, jioni nzima ya changu inakaangwa kwenye vumba.

Karai tupu juu ya moto likisubiri wateja ndilo linalokula mafuta kuliko karai lililojaa samaki. Wengi wanadhani ni kinyume. Samaki akiwa ndani, mvuke wake unatanda juu na kuisukuma hewa. Akitoka, mafuta yanabaki uchi mbele ya oksijeni huku moto unapanda. Kaanga kwa mikupuo, mkupuo ukiisha vuta kuni nje. Mteja akija baada ya nusu saa, utawasha tena. Dakika tano za kuni ni rahisi kuliko robo lita ya mafuta. Na siku ukibadili karai, chukua lenye kina na mdomo mwembamba kidogo. Yale mapana kama sinia yanapendeza kwa kupanga samaki, lakini yanawapa hewa uwanja mkubwa.

Kulipima joto nako hakuhitaji kifaa. Chovya ncha ya mwiko mkavu wa mti: viputo vidogo vikiuzunguka mfululizo, mafuta yapo tayari. Ukitumbukiza kipande cha mkate kikawa cha dhahabu kwa kama dakika moja, upo kwenye nyuzi 180. Moshi ukionekana umepitiliza. Na samaki akiiva mnyanyue, mtingishe, mwegemeze kwenye wavu angali wa moto sana, maana sehemu kubwa ya mafuta anayokunywa huyanywa akiwa ameshatoka, anapopoa na mvuke wa ndani kunywea. Anayerundikwa kwenye beseni anakaa ndani ya mafuta yake na kuyavuta yote. Katikati ya mikupuo, pitisha upawa wa matundu uopoe chenga zinazoelea. Hiyo nayo ni kuchuja, na ni bora kuliko kule kwa baadaye.

Sasa kuchuja kwenyewe. Wewe unachuja asubuhi kwa chujio la chai. Makosa mawili: chenga zimelala ndani ya mafuta usiku kucha, na matundu ya chujio la chai yanakamata vipande tu, ule unga mweusi, ambao ndio mbaya, unapita wote. Wapo wanaotumia kifumbu cha tui. Kifumbu kiachie nazi yake. Matundu yake ni makubwa, na machicha yaliyojificha humo yatahamia kwenye mafuta.

Nenda dukani ununue bafta, kitambaa cheupe cha pamba. Mwenye duka akikutazama kwa huzuni akidhani una msiba, mwambie unakaanga samaki. Ifue, ianike ikauke kabisa. Jioni ukimaliza, ondoa karai motoni uliweke mahali ambapo mtoto hapiti, usilikoroge. Likiwa limetulia, chenga zinazama zenyewe. Subiri mpaka uweze kuyashika masikio ya karai kwa mikono mitupu na kuhesabu hadi kumi bila kuruka. Kwa lita tatu na karai zito, inaweza kufika saa nzima au kuzidi. Tumia muda huo kuosha vyombo na kuhesabu pesa. Mafuta yakiwa na uvuguvugu ni mepesi, yanapita kitambaani. Ukiyaacha yapoe kabisa yanakuwa mazito, na ya mawese yanaweza hata kuanza kuganda.

Ikunje bafta mara mbili, ifunge kwa kamba kwenye mdomo wa sufuria kavu, ukiiacha ilegee katikati kama bakuli. Teka mafuta ya juu kwa upawa, mimina katikati ya bafta kidogo kidogo. Usifukue chini. Theluthi mbili za kwanza zinapita karibu bila kuacha kitu. Zinazofuata ndizo zinazoonyesha jioni yako ilivyokuwa: juu ya bafta kunabaki tope jeusi kama kahawa iliyosagwa, na ndani yake magamba mawili matatu yanayometa. Ukifika kwenye tope lenyewe, acha. Kikombe cha mwisho si cha kuokoa. Kipanguse kwa karatasi ukitupe. Na usikamue kitambaa! Najua mkono wa mwanamke wa Pwani, ukiona kitambaa kimelowa unataka kukamua kama tui. Ukikikamua, unausukuma ule unga mweusi upenye, na kazi yote imerudi mwanzo.

Bafta ifuliwe kwa maji ya moto na sabuni usiku ule ule, ianikwe imetandazwa. Siku ikiwa ya manjano na inanuka hata baada ya kufuliwa, itupe, maana mafuta yaliyochacha ndani ya nyuzi huyaambukiza mapya. Usirundike matambara yenye mafuta ya alizeti kwenye pembe yenye joto: yakishikana na hewa yanajipasha moto yenyewe, na yamewahi kuunguza majiko ya watu waliokwenda kulala.

Kuhusu haraka, nina ushuhuda wangu. Miaka ya nyuma, nikiwa bado nafundisha sayansi kimu, nilichelewa safari nikachuja mafuta ya moto moja kwa moja kwenye dumu la plastiki. Dumu lilijikunja kama mtu aliyeumwa tumbo, kitako kikaachia, lita mbili zikatandaa sakafuni hadi chini ya kabati. Safari sikwenda, nilishinda nikimwaga majivu na kufagia. Mafuta ya uvuguvugu yaingie kwenye sufuria. Dumu au chupa ni mpaka yapoe kabisa.

Yakishapoa, yatie kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, yajae mpaka shingoni ili hewa ikose nafasi, uyaweke gizani mbali na jiko. Kuyalaza kwenye karai kunakuponza: chuma, hasa penye kutu, kinaharakisha kuchacha, na shaba ni mbaya zaidi. Sinia halizuii hewa, wala mende. Kwa joto la Pwani, ukiwa huna friji, yatumie ndani ya siku mbili tatu. Kisha funga uzi shingoni mwa dumu, na kila jioni mafuta yale yakifanya kazi, piga fundo. Kichwa cha mfanyabiashara kina mengi, uzi hausahau.

Utasikia mbinu nyingine. Kipande cha kiazi, kitunguu au tangawizi kwenye mafuta: kinapunguza vumba puani kwa muda, mafuta ni yale yale. Mkaa: usithubutu, utaongeza vumbi. Kuna ya wanga wa mahindi, ile kornifulawa ya dukani, na hiyo ni ya kweli: kwa kikombe kimoja cha mafuta, koroga kijiko kimoja kikubwa cha wanga kwenye robo kikombe cha maji, mimina kwenye mafuta ya uvuguvugu, pasha kwa moto mdogo sana huku unakoroga, yasichemke, mpaka wanga ugande na kukamata unga mweusi, kisha uuopoe. Nyumbani, kwa vikombe viwili, jaribu. Kwa lita tatu utapika uji wa kulisha mtaa, na asidi zote zitakuwa bado zipo. Viwandani wanatumia unga maalumu kama magnesiamu silikati unaonasa na asidi, lakini huo si wa karai la ufukweni.

Mara ngapi, basi? Katika nchi zenye sheria au mwongozo wa jambo hili, hawahesabu mara. Wanapima kwa kifaa kiasi cha mafuta yaliyoharibika: Ujerumani kikomo ni asilimia 24, Ufaransa, Hispania na Italia 25. Kikipita, mafuta yanatupwa, yawe ya siku moja au ya wiki. Wewe kifaa huna, una macho, pua na uzi. Kwa karai la lita tatu linalofanya kazi saa mbili tatu kila jioni, mimi natoa jioni tatu kwa alizeti iliyosafishwa, na nne kwa mawese, ukifanya yote niliyoeleza. Ishara ikitangulia fundo, fuata ishara.

Ishara ya kwanza ni moshi kuonekana kwenye moto ule ule wa kila siku, kabla samaki hajaingia. Ya pili ni povu: viputo vikubwa vinavyopasuka ni mvuke tu, lakini povu dogo dogo la kahawia linalobaki hata ukishamtoa samaki ni la mafuta yaliyochoka. Tatu, inua upawa utazame yanavyodondoka. Yakivuta uzi kama asali, basi. Nne ni samaki mwenyewe, akiwa mweusi nje upesi na mafuta yanamtoka ukimbonyeza. Rangi peke yake usiiamini sana, maana manjano na pilipili vinapaka rangi mafuta mazima.

Hiyo ishara ya nne inagusa mfuko. Mafuta machovu humlowanisha samaki kuliko mapya, kwa hiyo kila samaki anaondoka na mafuta mengi zaidi. Lita uliyodhani umeiokoa inakwenda na wateja kwenye karatasi, na mteja anakwambia samaki wa leo mzito.

Na ile tabia ya kuongeza mapya juu ya ya jana? Kwenye karai kubwa linalokaanga kutwa na kumaliza mafuta kwa kasi, mapya yanayoingia ni mengi kuliko ya zamani, hivyo yanasaidia. Kwako wewe, nusu lita mpya juu ya lita mbili na nusu zilizochoka inachoka nazo kabla ya jioni kuisha, na hutajua tena mafuta yako yana umri gani: yamo ya leo, ya juzi na ya mwezi uliopita. Afadhali jioni ya pili ukaange kwa mafuta pungufu na samaki wachache kwa mkupuo, mzunguko ukiisha uanze na yote mapya.

Wifi yako usimkasirikie. Ana hoja, ingawa naona ameitafuta kwenye sahani wakati sehemu kubwa iko puani kwako. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, katika chapisho lake la mwaka 2010 liliuweka moshi wa kukaangia kwa joto kali kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani kwa binadamu, na moshi wa kuni ndani ya nyumba ukawekwa kundi hilo hilo. Mteja anakula samaki wawili. Wewe unavuta moshi huo kila jioni. Ule unaowasha macho ni akrolini, inayotoka mafuta yakiungua. Kwa hiyo mafuta yanayotoa moshi yatupe kwanza kwa ajili yako. Na jiko liweke upepo ukupige mgongoni: kusi likivuma, kaa upande wa kusini wa jiko, kaskazi ikiingia, hamia upande wa pili. Kuyamwaga kila siku, kwa mafuta yaliyotunzwa, sioni haja. Kuyarudia wiki nzima mpaka yawe lami, hapo naungana na wifi.

Maandazi asubuhi, hapana. Vumba halifichiki kwa hiliki, na kuna jambo zito zaidi: watu wenye mzio wa samaki au kamba wanaweza kudhurika na andazi lililoiva kwenye mafuta hayo, hata yakiwa yamechujwa, nao hawana jinsi ya kujua. Njia ya kubana matumizi ipo, ila ni ya upande mmoja. Mafuta mapya yaanzie maandazi asubuhi, yachujwe unga, jioni yapokee changu, yaishie kwa vibua. Hayarudi nyuma. Na ile asubuhi ya maandazi ipigie fundo lake.

Yakifika mwisho, yasimwagwe kwenye mtaro wala mchangani ambako maji yakijaa yatayachukua. Wateja wako wanakula kilichotoka kwenye bahari hiyo. Yapoe, changanya na majivu au maranda ya seremala mpaka yawe kama udongo, kisha yaende na taka. Mtengeneza sabuni akiyataka mpe, lakini wewe usiguse soda ya kuchoma bila kufundishwa vipimo.

Dumu la Singida lililobaki usilitupe. Ungia mchicha, maharage, mchuzi wa hao hao samaki, na lililozidi wapimie majirani. Kwenye karai rudi kwenye mawese ya dukani. Karibu nusu ya mafuta hayo ni ya aina ngumu isiyokubali oksijeni upesi, kwa hiyo yanavumilia moto. Daktari wa moyo hatayasifia, nami simbishii. Alizeti iliyosafishwa ni nzuri pia, ila ina fundo moja pungufu.

Kabla hujatia mafuta mapya, anza na ule utando wa ukingoni. Karai lako ni la chuma, kwa hiyo chemsha maji na magadi humo, yaache usiku kucha, asubuhi sugua kwa nyuzi za kifuu. (Lingekuwa la alumini ningekukataza, magadi yanalila.) Suuza mara tatu, ya mwisho kwa maji yenye ndimu, kisha likaushe juu ya moto na ulipake mafuta kiduchu. Magadi yakibaki humo yataungana na mafuta kuwa sabuni, na povu la jioni hiyo usimsingizie mtu wa Singida.